Nyasi bandia zinaunguza uani: tafuta joto linatoka wapi kabla ya kutoa pesa

Anayeweka nyasi bandia nyumbani kwake Maskati, Dubai au Doha ana sababu za maana. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, nyasi za kweli mwezi wa Julai zinataka kunyweshwa kila siku, na vumbi la ua mtupu halina simile. Kisha kiangazi cha kwanza kinaingia, na ule ua uliotengenezwa ili watoto wacheze haukanyagiki tangu saa tatu asubuhi. Hapo ushauri unaanza kumiminika: mwagia maji, badilisha mchanga uliojazwa kati ya nyasi, muuzaji alikupiga. Kila ushauri kati ya huo unaweza kuwa wa kweli, na unaweza pia kukulia riali mia bila kukupunguzia hata nyuzi tano. Inategemea joto lako linatoka wapi na linakaa wapi.

Mifano mingi hapa ni ya Maskati na pwani ya Batina, nchini Oman. Aliye Nizwa, Buraimi au Riyadh atakuta tofauti yake kwenye sehemu ya maji. Aliye Salalah wakati wa kharifu, msimu wake wa manyunyu, hana shida hii. Aache kusoma akanywe madafu.

Pima kwanza

Bila namba utabishana na fundi mpaka jua lizame. Nunua kipimajoto cha mionzi chenye umbo la bastola, kile wanachotumia mafundi wa viyoyozi. Kile cha paji la uso kilichobaki nyumbani tangu Korona hakifai: kimetengenezwa kwa joto la mwili, na kikifika nyuzi arobaini na kitu kinagoma. Elekeza bastola kwenye plastiki, vigae, ukuta au zege. Usiamini namba itakayotokea ukielekeza kwenye geti la chuma linalong'aa, kwa sababu hapo unapima joto la vitu vingine lililogonga chuma na kurudi.

Pima nyasi zilizo juani, nyasi zilizo kivulini, sakafu iliyo wazi karibu nazo, ukuta unaozitazama na, kama kona ya kapeti inafunuka, kilicho chini yake. Fanya hivyo saa tatu asubuhi, saa saba mchana, nusu saa baada ya jua kuzama, na saa tatu usiku. Kila mara andika pia joto la hewa kivulini.

Usishtuke na namba za saa saba. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimbo la Utah nchini Marekani, walipima uwanja wa nyasi bandia wa chuoni kwao wakakuta kilele cha nyuzi 93 za Selsiasi, siku ambayo hewa ilikuwa nyuzi 37 hivi. Hata lami ilikuwa na nafuu. Mwaka 2015, kwenye mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia la wanawake huko Edmonton, Kanada, uso wa uwanja ulipimwa ukawa na nyuzi 49, na Edmonton hakuna anayeiita nchi ya joto.

Maana yake ni kwamba nyasi za plastiki hazifuati joto la hewa, zinafuata jua. Jua la mchana lisilo na wingu humwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Jani hai hutumia sehemu kubwa ya nguvu hiyo kutoa mvuke wa maji, na sehemu nyingine ya mionzi, ile isiyoonekana kwa macho, huirudisha juu. Plastiki haitoi mvuke. Inapokea, inapata moto, basi. Lakini ina sifa moja inayotusaidia sana kwenye uchunguzi: nyuzi zake, yaani majani yenyewe ya plastiki, ni nyepesi, hazina pa kuweka akiba ya joto. Zinapata moto ndani ya dakika chache na kivulini zinapoa ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo kuna jaribio moja la bure kuliko yote. Saa saba mchana simika mwavuli mkubwa juu ya kipande cha nyasi, subiri dakika kumi, kisha pima chini ya mwavuli na nje yake. Joto likishuka sana, adui yako ni jua la moja kwa moja. Likishuka kidogo tu, joto linatoka chini ya kapeti, kwenye ukuta, au kwenye hewa inayopulizwa hapo. Usiende mbele bila jibu hili.

Kwanza kabisa, nyayo

Kabla ya dalili nyingine, hili la usalama. Ngozi huweza kuumia ikikaa muda mrefu kwenye kitu chenye nyuzi 44 tu, na kadiri joto linavyopanda muda huo unafupika kutoka saa hadi sekunde. Mtoto mchanga anayetambaa hawezi kuruka kando kama wewe. Mzee mwenye kisukari aliyepoteza hisia za nyayo yuko hatarini zaidi, kwani anaweza kuvuka ua mzima pekupeku na asijue mpaka malengelenge yatokee. Na nyumba zetu ni za kuvulia viatu mlangoni. Weka ndara kwenye kila mlango unaotokea uani, na njia ya vigae vyeupe au mawe ya rangi nyepesi kutoka mlangoni hadi getini ili asiye na viatu asilazimike kupita kwenye plastiki.

Aliyeungua apozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si barafu, si samli, si dawa ya meno. Na kumbuka mahali ulipo: bomba la mchana wa Julai, likitoka kwenye tangi la juu ya paa, linaweza kutoa maji ya kuogea maiti. Jua mapema ni bomba gani nyumbani kwako linalotoa maji ya baridi, au tumia ya kunywa.

Dalili: mchana hazikanyagiki, jua likizama zinapoa haraka

Kama jaribio la mwavuli lilishusha joto sana na vipimo vya usiku vinakaribiana na joto la hewa, kapeti lako halina ugonjwa. Linafanya kile ambacho plastiki hufanya juani. Dawa yake ni kivuli, na sisemi kivuli kama mojawapo ya dawa nyingi. Mengine yote unayosoma humu yanasaidia pembeni.

Suala ni kivuli kitoke upande gani, na hapa watu wengi hupoteza pesa. Maskati iko kwenye latitudo ya nyuzi 23.6 kaskazini, karibu kabisa juu ya tropiki ya Kansa. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri linapita utosini. Ukuta mrefu, ua wa miti upande mmoja, hata nyumba yenyewe, havikupi kivuli cha maana saa sita mchana. Kinachofaa saa hiyo ni kitu kilicho juu ya nyasi. Tena kuna jambo linalowashangaza wenye ua upande wa kaskazini mwa nyumba. Desemba ua huo uko kivulini siku nzima, wakadhani wamechagua vizuri. Juni jua linachomoza kaskazini ya mashariki na kuzama kaskazini ya magharibi, kwa hiyo ua uleule unapigwa asubuhi na unapigwa alasiri. Ukitaka kujua kivuli chako cha kiangazi, chora mistari ya kivuli sakafuni mwezi wa Juni wenyewe. Mchoro wa Januari utakudanganya.

Tanga la kivuli la kitambaa kinachopitisha hewa ni bora kuliko paa la mabati. Bati linapata moto nalo linaanza kuutupa chini, na hewa moto inakwama chini yake. Tanga lifungwe juu, mita tatu au zaidi, kona moja ikiinuliwa kuliko nyingine ili hewa moto ipate pa kutokea. Kama pesa inatosha eneo dogo tu, weka pale watoto wanapocheza alasiri na usogeze sehemu ya juu kuelekea magharibi na kaskazini magharibi, kwa sababu jua la alasiri huingia kwa kulala na kupenya chini ya tanga. Nguzo ziwe za kweli, na kamba ziwe za kufunguka. Kimbunga Gonu kilikuja Juni 2007, Shaheen Oktoba 2021. Onyo la kimbunga likitoka, tanga linashuka siku hiyohiyo.

Mwenye subira apande mti. Mwarobaini unakua upesi hapa na unavumilia, mkunazi pia, na ghafu ni mti wa nchi yenyewe. Utafagia majani, kweli.

Dalili: saa tatu usiku bado zina joto

Hapa sasa kuna tatizo. Nyuzi zenyewe zilishapoa zamani. Unachokanyaga ni joto linalopanda kutoka chini au linalotupwa na ukuta.

Linganisha kwanza na hewa. Oman ina usiku usio na huruma: mwezi wa Juni 2018 mji wa Quriyat ulipitisha saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Usiku wa namna hiyo nyasi zikiwa na nyuzi 42 hakuna cha kutengeneza. Lakini hewa ikiwa nyuzi 33 na nyasi 41, funua kona ya kapeti upime kilicho chini.

Mara nyingi utakuta zege. Kapeti lililogundishwa moja kwa moja juu ya sakafu ya zege au juu ya paa lina ghala kubwa la joto chini yake, linalojazwa mchana kutwa na kutoa polepole hadi usiku wa manane. Kwenye paa ndipo panapokuwa pabaya zaidi, na chumba cha chini nacho kinasikia. Kutandika godoro jembamba la povu au mkeka wa kupitishia maji kati ya zege na kapeti hupunguza joto la usiku. La mchana haliguswi, na uso wa nyasi unaweza hata kuzidi kidogo, kwa sababu umezuia joto lisishuke chini. Ukiweza kuchagua tangu mwanzo, tandika juu ya kokoto zilizoshindiliwa: maji yanapita, na usiku unapungua makali.

Ikiwa chini ni baridi kuliko juu, geukia ukuta. Ukuta wa tofali zito unaotazama magharibi unafika jioni ukiwa umeshiba jua, halafu unaukabidhi ua. Rangi nyeupe hupunguza joto linaloingia ukutani lakini mchana inatupa mwanga zaidi juu ya nyasi. Mti wa kutambaa au kichanja cha mbao mbele ya ukuta hakina lawama hiyo.

Na usiisahau mashine ya nje ya kiyoyozi. Nyumba nyingi zina tatu au nne zimepangwa uani, zote zinapuliza hewa moto kuelekea palepale familia inapokaa usiku. Simama kwenye nyasi usikilize upepo. Dawa ni kuzipandisha ukutani au kugeuza mdomo wake. Usizizibe kwa ubao au kitambaa, zikikosa hewa kompresa itakufa, na hiyo ni gharama nyingine kabisa.

Dalili: ukimwagia maji zinapoa, baada ya robo saa ni yaleyale

Hilo si kosa la maji yako. Watafiti walewale wa Utah walimwagia uwanja uliokuwa na nyuzi 79 ukashuka hadi 29. Baada ya dakika tano ulikuwa 49, na baada ya dakika ishirini ulikuwa umerudi 73.

Ukipiga hesabu, maji yanastahili kufanya kazi zaidi ya hiyo. Lita moja ikikauka yote juu ya mita moja ya mraba hunyonya joto linalolingana na jua kali la dakika 40 hivi. Tatizo ni neno "ikikauka". Maji ya mpira hupita kwenye nyuzi, huzama kwenye matundu ya kapeti na kwenda zake bila kukauka juu. Kwa hiyo mwagilia kidogo na kwa matone madogo: vinyunyizio vya ukungu kwa dakika mbili, pumzika, rudia, badala ya kufungua mpira dakika kumi mfululizo. Mchanga wa kujazia wenye vinyweleo, kama zeolaiti (aina ya madini), hushika maji kwa muda na kuyaachia polepole. Kwenye ua wenye kivuli cha nusu utauona msaada wake, kwenye jua kamili utakufaa kwa saa ya kwanza tu.

Halafu kuna hewa. Nizwa, Ibra, Buraimi, Riyadh hewa ni kavu na ukungu unakauka kabla hujamaliza kusema bismillahi. Maskati, Sohar, Dubai na Doha mwezi wa Agosti unyevu wa bahari umeshajaa hewani, maji hayakauki vizuri, na unachopata ni nyasi za uvuguvugu na mgongo unaonata. Huko pwani usinunue mfumo wa ukungu kwa kuuona kwenye video ya Arizona, jimbo kavu la Marekani.

Angalia pia joto la maji yenyewe. Tangi la paa mchana ni hita isiyo na swichi. Ndiyo maana wenyeji kiangazi huzima hita ya bafuni na kuitumia kama tangi la maji baridi. Ukimwagia nyasi kwa maji ya nyuzi 48 umepoteza sehemu ya faida. Chukua laini inayotoka moja kwa moja mtaani kama ipo, au tia tangi kivuli. Mpira wa maji uliolala juani ni hatari pia: maji yaliyokuwa ndani yake yanaweza kumuunguza mtoto. Yamwage kando kwanza, kisha ndipo umpe mtoto achezee.

Ukiona utando mweupe kwenye ncha za nyuzi na nyasi zimekuwa ngumu, ni chumvi na chokaa. Visima vingi vya pwani ya Batina vimeingiwa na maji ya bahari, na kila ukimwagilia kwa maji hayo unaacha chumvi nyuma. Suuza kwa maji matamu, sugua kwa brashi ngumu, na uache kabisa kisima.

Dalili: sehemu moja ina moto kuliko nyingine

Funua nyuzi kwa vidole utazame katikati. Kama kuna chembe nyeusi za mpira wa matairi, umepata. Chembe hizo ni za viwanja vya mpira, ambako mchezaji akianguka anahitaji kitu laini. Ua wa nyumba hauzihitaji. Nyeusi, zinanywa jua, na watoto wanapocheza zinarundikana sehemu moja. Zitoe kwa brashi na mashine ya kufyonza vumbi ya karakana, kazi ya kuchosha kwelikweli, kisha weka mchanga wa silika wa rangi nyepesi, chembe za mviringo. Usichote mchanga wa baharini, una chumvi na vigae vya kombe. Usichote wa jangwani, ni mwembamba mno, utaziba matundu ya kutolea maji na mvua ya kwanza itakuonyesha.

Kubadilisha mchanga kunapunguza nyuzi joto chache. Yeyote anayekuahidi nyuzi ishirini kwa mchanga peke yake, mwombe aje apime mbele yako saa saba mchana.

Dalili: nyuzi zimejikunja, zimeshikana au zimeyeyuka kwa mstari

Dalili hii inahitaji akili ya mpelelezi. Plastiki ya nyasi nyingi ni polietilini, ambayo huyeyuka kuanzia nyuzi 110 hadi 130 kutegemea aina, ingawa hulainika kabla ya hapo. Jua la kawaida haliifikishi huko, hata Utah ilikomea 93. Kwa hiyo ukiona kitu kimeyeyuka, usimlaumu jua pekee wala muuzaji. Kuna kitu kimeongeza moto mahali hapo.

Angalia umbo la kovu. Tundu la duara lenye ukingo mweusi ni kaa: la mishkaki, la sisha, au la chetezo lililoruka usiku wa wageni na hakuna aliyesema. Weka mkeka usioshika moto chini ya jiko na chetezo, mjadala uishe. Kovu la mstari mrefu au la upinde, nyuzi zikiwa zimejikunja bila kuwa nyeusi, ni la kioo.

Madirisha ya kisasa ya vioo viwili yana utando usioonekana wa kurudisha joto nje, na ni mzuri kwa bili ya umeme. Lakini joto lile linalorudishwa linaangukia mahali. Mbaya zaidi, tofauti ya mgandamizo kati ya hewa iliyofungwa ndani ya vioo na ile ya nje huweza kukivuta kioo kikabonyea kidogo katikati, na hapo dirisha linakuwa kioo cha kukusanya jua, sawa na lenzi ya kuwashia karatasi. Mng'ao huo ukijumlishwa na jua la moja kwa moja, plastiki haina ujanja.

Kumnasa mtuhumiwa, toka nje kila nusu saa siku ya jua na utafute bakora ya mwanga sakafuni iliyo kali kuliko jua lenyewe. Weka jiwe dogo mahali ilipo. Jioni safu ya mawe itakuonyesha njia yake, na ikipita juu ya kovu umemaliza. Wengi hutafuta mwezi wa Juni, hawaoni kitu, wakakata tamaa. Dirisha la kusini hufanya uhalifu wake wakati wa baridi: mchana wa Desemba jua la Maskati liko chini, kama nyuzi 43 kutoka upeo, na dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 3 hutupa mng'ao kama mita 3 kutoka ukutani. Juni mng'ao huohuo unaangukia miguuni pa ukuta. Dirisha la magharibi ni la alasiri, mwaka mzima.

Pazia la ndani halisaidii kitu, kwa sababu mwanga unarudi kwenye kioo kabla ya kufika pazia. Kinachosaidia ni cha nje: wavu wa dirisha unaofunika kioo chote, karatasi ya kupunguza mng'ao iliyotengenezwa kubandikwa upande wa nje, kibaraza juu ya dirisha, au kichaka kilichopandwa katikati ya njia ya mwanga. Kama dirisha ni la jirani, nenda na picha za mawe yako. Haya ni maongezi ya kahawa na halua, yasifike manispaa.

Nyuzi zilizoyeyuka hazirudi. Kata kipande, ziba kwa mabaki ya bunda lilelile ukiangalia nyuzi zilale upande mmoja na za jirani. Lakini usizibe kabla ya kumaliza dirisha, vinginevyo utaziba tena.

Dalili: harufu mchana

Harufu ya mpira ni ya chembe nyeusi, tumeshazitoa. Harufu kali inayochoma pua ni mkojo wa paka, mbwa au mbuzi aliyekaa uani siku mbili kabla ya Idi, uliogeuka amonia na kupandishwa na joto. Suuza kwa maji mengi jioni, si mchana, hakikisha matundu yanapitisha, kisha zeolaiti. Manukato ya kunyunyiza yanatengeneza harufu mbili badala ya moja.

Dalili: mikunjo alasiri, nyufa kwenye viungo asubuhi

Plastiki hutanuka ikipata moto na kunywea ikipoa, na kapeti la mita nyingi linaweza kuonyesha. Mara nyingi chanzo ni utandikaji: bunda lilifunguliwa na kupigwa misumari papo hapo bila kuachwa lilale juani lijinyooshe, au ukingo haukushikwa. Mkunjo mdogo unaotokea saa nane na kupotea usiku uache. Unaobaki hata alfajiri unahitaji kufunguliwa ukingo, kuvutwa na kushikwa upya kwa misumari iliyokaribiana zaidi. Nyuzi zilizolala chali zisugue kwa brashi kinyume cha ulalo wake, asubuhi mapema. Ukizisugua zikiwa laini kwa moto zitalala upande mwingine.

Na kama umefikia kununua upya: rangi nyepesi na nyuzi zenye maandishi ya "teknolojia ya baridi" hutofautiana na nyingine kwa nyuzi joto chache. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walilinganisha nyasi na vijazio vya rangi mbalimbali wakakuta hakuna kilichoshusha joto kiasi cha kuleta raha. Kutoka 75 kwenda 69 bado mguu unaungua. Omba sampuli za ukubwa wa sajada, zilaze pamoja kwenye ua wako, kwenye sakafu yako, na uzipime saa saba. Kinachoshinda hapo ndicho cha kununua, hata kama katalogi inasema vingine.

Kazi ya kufumua na kuunga viungo iache mpaka Novemba. Juni hadi Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 alasiri, na gundi inayopakwa kwenye zege la moto hukauka kabla ya kapeti kulala.